Daftari la fooman kwanza, Bunge baadaye: mwongozo kamili kwa vyama vya wakandarasi Uganda wanaotaka kugusa sheria za kazi

Mara ya kwanza chama chetu kuitwa kutoa maoni juu ya sheria ya kazi, tulipanda basi Busia usiku wa manane, tumevaa suti, na begani tumebeba waraka wa kurasa thelathini na nane. Mheshimiwa mmoja, mama wa makamo, aliuweka waraka pembeni bila kuufungua. Akatuuliza, "Wazee wangu, kati ya watu mnaowaajiri, wangapi hawafikishi miezi minne saiti? Na wakiondoka, wanaondoka na nini?"

Tukatazamana. Mwenyekiti akakohoa. Aliyejibu ni kijana wa chama cha wafanyakazi aliyekaa nyuma yetu, naye akajibu kwa faida ya watu wake, kama ilivyo haki yake. Mkutano ukaishia hapo kwa upande wetu.

Haya ninayoandika ndiyo tuliyojifunza tangu siku hiyo. Nayaandika kwa ajili ya vyama vya wakandarasi wadogo na wa kati, wale ambao mwanachama wao ana mikseri moja, pikapu moja na vibarua arobaini. Makampuni makubwa yana mawakili wao.

Kwanza tafuta tatizo lilipokaa

Wakandarasi wengi husema "sheria inatuumiza" bila kujua ni sheria gani. Matokeo yake, chama kinapeleka kilio Bungeni juu ya jambo ambalo Bunge halikuliandika.

Sheria kubwa za kazi Uganda zilitungwa kwa mkupuo mwaka 2006: Sheria ya Ajira, ya Usalama na Afya Kazini, ya Vyama vya Wafanyakazi, na ya Usuluhishi wa Migogoro ya Kazi. Kando yake kuna sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 na ile ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Chini ya hizo kuna kanuni ambazo waziri anaziandika mwenyewe. Wengi hujikwaa kwenye hizo kanuni.

Chukua lile suala la miezi minne, ambalo kila mkandarasi analilalamikia: kwamba mtu asiajiriwe kama kibarua kupita miezi minne mfululizo, na baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Limo katika Kanuni za Ajira za mwaka 2011, si katika Sheria ya Ajira yenyewe. Maana yake ni kwamba Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii anaweza kulirekebisha kwa waraka wa kisheria unaotangazwa kwenye gazeti la serikali, bila kusubiri kura ya wabunge wala saini ya Rais. Chama kinachopiga kambi Bungeni mwaka mzima kwa jambo la kanuni kinamwaga zege mtoni.

Kuna na tatizo la aina ya tatu, ambalo si la sheria wala la kanuni, ni la utekelezaji. Kazi za ukaguzi ziligatuliwa kwenda wilayani, na wilaya nyingine hazina afisa wa kazi kabisa. Nyingine zina mmoja tu asiye na hata pikipiki. Mkandarasi anayefuata sheria anashindanishwa kwenye zabuni na yule asiyefuata, na hakuna anayekwenda kumkagua huyo wa pili. Dawa ya hilo si sheria mpya. Unahitaji bajeti ya wilaya, na bajeti hiyo inajadiliwa na madiwani wako, si na watu wa Kampala.

Basi chora mistari mitatu kwenye karatasi: sheria, kanuni, utekelezaji. Weka kila lalamiko la wanachama mahali pake. Sisi tulipofanya hivyo, malalamiko kumi na moja yalibaki mawili tu ya kupeleka Bungeni.

Tahadhari moja ndogo: sheria za Uganda zilichapwa upya, na toleo jipya likaanza kutumika Julai 2024. Sura na nambari nyingi za vifungu zimebadilika. Ukiandika waraka kwa nambari za kitabu cha zamani, karani wa kamati atajua mara moja kwamba umenakili waraka wa mwaka juzi.

Daftari

Hapa ndipo nataka ukae zaidi, maana ndipo sisi tulipoanguka.

Nenda saiti Jumamosi saa kumi jioni, saa ya malipo. Utamkuta fooman, msimamizi wa vibarua, amekaa juu ya rundo la matofali, daftari la shule magotini, vijana wamepanga foleni wakiwa bado na simenti kwenye kope. Mwombe hilo daftari. Utaona majina kama haya: Musa 1, Musa 2, Musa Mkongo, Mama Posho, Kijana wa Bugiri. Mbele ya kila jina kuna vistari vya siku, kisha jumla, kisha sahihi au kidole gumba.

Hilo daftari ndilo utafiti wako. Hakuna profesa atakayekuletea bora kuliko hilo. Lakini lina tundu ambalo utaulizwa, kwa hiyo liulize wewe kwanza: Musa Mkongo hana nambari ya kitambulisho cha taifa, na bila hiyo kumsajili NSSF ni kazi ngumu. Tangu sheria ya NSSF ifanyiwe marekebisho mwaka 2022, kila mwajiri anatakiwa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Ule ukuta wa zamani wa watu watano umebomolewa. Mwajiri anatoa asilimia 10 ya ujira, mfanyakazi anakatwa asilimia 5, na fedha zinatakiwa ziwe zimefika ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Sasa piga hesabu kwa mfano. Tuseme poota, yaani kibarua msaidizi wa fundi, analipwa shilingi 20,000 kwa siku na amefanya siku 26. Ujira wake ni 520,000. Mkandarasi anaongeza 52,000 yake, na poota anakatwa 26,000. Kwa vibarua arobaini, mkandarasi anahitaji shilingi 2,080,000 za ziada kila mwezi, taslimu, iwe mwenye jengo amelipa au hajalipa. Na kwa poota mwenye kodi ya nyumba na watoto wa shule, 26,000 ni mkate wa wiki nzima. Hesabu hii mbunge anaielewa kwa dakika moja, na yeye ndiye atakayeipeleka kwa wenzake.

Kusanya madaftari kutoka kwa wanachama wasiopungua kumi, ya miezi sita mfululizo. Funika majina. Kwenye karatasi moja andika mambo manne tu: watu wangapi waliingia, kila mmoja alikaa siku ngapi, alilipwa kiasi gani, na kwa nini aliondoka. Hilo la mwisho ndilo lenye dhahabu. Kwetu sisi tulidhani watu wanaondoka kwa sababu ya sheria ya miezi minne. Kumbe wengi waliondoka kwa sababu kazi ya awamu yao ilikwisha: wa msingi hawahitajiki kwenye paa, na wa paa hawahitajiki kwenye rangi. Wengine waliondoka kwa sababu mwenye kazi hakulipa na saiti ikafungwa. Walioachishwa makusudi wiki mbili kabla ya mwezi wa nne walikuwepo pia, tusidanganyane. Tuliwaweka kwenye karatasi. Ukificha hao, yule kijana wa chama cha wafanyakazi atawataja, na ukurasa wako wote utakuwa uongo.

Andika pia ajali. Anayeanguka kutoka jukwaani, aliyekatwa na msumeno, aliyefukiwa na mtaro. Watu hawajasahau hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, barabara ya Entebbe, ikaanguka mwaka 2004 na kuua wafanyakazi. Chama kinachozungumzia gharama tu bila kutaja helmeti wala jukwaa kinaonekana kinatetea makaburi.

Kukubaliana wenyewe

Mkutano wa wanachama ufanyike kwa lugha ya saiti. Kwetu, kuanzia Tororo hadi Busia, fundi mmoja ni Msamia, mwingine Mjapadhola, wa tatu Mwiteso, wa nne amevuka kutoka Kenya; Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Waraka utaandikwa kwa Kiingereza baadaye, kwa sababu ndicho kinachotumika kwenye kamati, lakini uamuzi usifanywe kwa lugha ambayo nusu ya chumba inaitikia kwa kichwa tu.

Mwanachama mkubwa na mdogo hawataki kitu kimoja. Mkubwa anaweza kufurahia sheria kali, kwa sababu inamwondolea washindani wa mtaani. Mdogo anaweza kutaka asiguswe na chochote. Waache wagombane ndani, mbele ya mwenyekiti, chai ikiwa mezani. Wakigombana mbele ya kamati, mmekwisha. Mtoke na ombi moja, mawili yakizidi, na mlipigie kura, mwandike kwenye kumbukumbu za kikao. Tena hakikisha chama kimesajiliwa, kwa kawaida kama kampuni isiyo na hisa chini ya ofisi ya usajili, na kwamba taarifa zake za kila mwaka zimewasilishwa. Umesikia vyama vikiulizwa "ninyi ni nani?" na vikashindwa kujibu? Mimi nimesikia.

Kama kuna chama kikubwa cha taifa, jiunge nacho. UNABCEC, chama cha taifa cha wakandarasi wa majengo na kazi za uhandisi, na shirikisho la waajiri FUE wamezoea milango ambayo wewe utaisukuma kwa bega. Sheria ya Ajira imeweka bodi ya ushauri wa kazi ambayo waajiri na wafanyakazi wote wana viti, na mtu wa wilayani hafiki huko bila kupitia kwa hao.

Nenda kwa wafanyakazi kabla ya kwenda kwa wabunge

Wenzangu walinicheka nilipolisema hili. Lakini hebu hesabu: Bunge la Uganda lina wabunge watano wanaowakilisha wafanyakazi, na mswada wa kazi ni vigumu kupita bila wao kusimama. Mswada wa kima cha chini cha mshahara uliletwa na mbunge wa wafanyakazi, ukapitishwa na Bunge mwaka 2019. Mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira nao uliletwa na mbunge wa wafanyakazi, Agnes Kunihira, ukapitishwa Mei 2023. Yote miwili Rais hakuitia saini. Wakandarasi wengine walishangilia. Mimi sikuona cha kushangilia, kwa sababu jambo likirudishwa linabaki linaning'inia, na mkandarasi hawezi kupanga zabuni ya miaka miwili chini ya sheria inayoning'inia. Kima cha chini kilichomo vitabuni mpaka leo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Fedha hiyo haimtoshi poota nauli ya siku mbili.

Kwa hiyo tafuta chama cha wafanyakazi wa ujenzi, au tawi la NOTU au COFTU, mashirikisho ya vyama vya wafanyakazi, lililo karibu nawe. Uende na daftari. Usianze kwa kujitetea, anza kwa kuuliza, "Watu wenu wanalalamika nini zaidi?" Utashangaa ni mambo mangapi mnakubaliana. Sisi tulikubaliana matatu kwa kikao kimoja: kwamba mwenye jengo anayechelewesha malipo ndiye chanzo cha mishahara kuchelewa, kwamba kila saiti iwe na choo na maji, na kwamba kibarua apewe karatasi tangu siku ya kwanza. Tulipishana kwenye malipo ya kuachishwa, na tunapishana bado.

Neno kibarua lenyewe lilikuwa karatasi: barua ndogo aliyopewa mtu wa siku kuonyesha kazi yake. Yule mzee wa chama cha wafanyakazi ndiye aliyetukumbusha. Akasema, "Mmebaki na jina, karatasi mmeitupa."

Waraka wa kurasa nne

Kurasa nne, si thelathini na nane. Ya kwanza: ninyi ni nani, mna wanachama wangapi, na ombi lenu kwa sentensi mbili. Ya pili: jedwali la daftari. Ya tatu: maneno halisi mnayotaka yaandikwe. Ya nne: nani atagharimika na nani atafaidika.

Ukurasa wa tatu ndio unaowatenganisha watu wa kilio na watu wa kazi. "Kifungu hiki kifutwe" ni maneno mepesi. Kwa kifungu cha miezi minne sisi tuliandika, kwa maana yake kwa Kiswahili, hivi: kila anayeajiriwa kwenye kazi ya ujenzi apewe mkataba wa ukurasa mmoja siku ya kwanza, unaotaja awamu ya kazi, yaani msingi, kuta, paa au umaliziaji, unaotaja ujira wa siku, siku ya malipo na mchango wa NSSF, na mkataba huo uishe awamu inapoisha, lakini mtu akirudishwa kwenye awamu inayofuata ndani ya mwezi mmoja, siku zake za nyuma zihesabiwe. Hapo kibarua amepata karatasi, na mkandarasi hana sababu ya kumfukuza mtu wiki ya kumi na tano.

Kama ombi lenu ni la saa za kazi, eleza siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Sheria inasema saa 48 kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Mbunge ambaye hajawahi kujenga hajui kwamba zege la slabu halisubiri kesho. Ukikatiza katikati unaacha mstari wa udhaifu kwenye jengo. Mweleze hivyo, kisha sema jinsi mtakavyowapumzisha watu kesho yake. Ukieleza la zege na kunyamaza juu ya mapumziko, utaonekana mnyonyaji, na kwa haki.

Ongeza aya moja juu ya malipo ya serikali. Mkandarasi anayeidai wizara au halmashauri kwa miezi minane hawezi kulipa NSSF tarehe 15, na faini inamwangukia yeye. Hii si hoja ya kukwepa sheria. Omba kwamba pale serikali yenyewe inapodaiwa cheti cha malipo kilichoidhinishwa, adhabu ya kuchelewesha mchango isimame. Na andika anwani sahihi: UNRA, iliyokuwa mamlaka ya barabara, imevunjwa na kazi za barabara kuu ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi.

Mlango na wakati wake

Mswada wa serikali huanza kama wazo wizarani, ukapelekwa Baraza la Mawaziri kwa idhini ya misingi, ukaandikwa na wanasheria wa serikali, ukatangazwa kwenye gazeti, ndipo ukasomwa Bungeni mara ya kwanza. Kugusa jambo likiwa bado wazo wizarani kunahitaji barua na kikao kimoja. Kuligusa baada ya kusomwa mara ya pili kunahitaji kura. Kwa hiyo mtu wenu mmoja awe na kazi ya kupita kwa kamishna wa kazi na kwa idara ya usalama kazini kila miezi mitatu, hata kama hakuna jambo. Asalimie, aulize kinachopikwa.

Mswada ukishasomwa mara ya kwanza huenda kwenye kamati, na ya kazi ni Kamati ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Katiba inaziruhusu kamati kuwaita watu binafsi kutoa maoni, na Ibara ya 38 inampa kila Mganda haki ya kushawishi sera za serikali kwa amani kupitia vyama vya kiraia. Kwa hiyo hamwendi kuomba hisani. Andikieni Karani wa Bunge mapema, msisubiri kuitwa.

Ukishapitishwa, Rais ana siku 30: kutia saini, kuurudisha ukiwa na maelezo, au kukataa. Akiurudisha mara mbili na Bunge likaupitisha mara ya tatu kwa theluthi mbili ya wabunge wote, unakuwa sheria bila saini yake. Na muhula wa Bunge ukiisha, usidhani mswada wako umelala palepale ulipouacha. Uliza.

Siku yenyewe

Watatu waende, wasizidi. Mwenyekiti aseme dakika tano, mhasibu ashike jedwali, na wa tatu awe fooman. Ndiyo, fooman. Sisi tulimpeleka wetu mara ya pili, mzee wa miaka sitini na mikono yenye nyufa. Akaulizwa, "Mzee, kwa nini hamwapi hawa vijana mikataba?" Akajibu, "Mheshimiwa, mimi nilianza kazi mwaka 1984, na mpaka leo hakuna aliyenipa." Chumba kikanyamaza. Kuanzia hapo ukurasa wa tatu ulisomwa neno kwa neno.

Msibishane na wafanyakazi mbele ya kamati. Mkiulizwa msilolijua, semeni mtaleta jibu kwa maandishi baada ya siku tatu, kisha mlilete kwa siku mbili.

Chai

Kuna mtu atakayekupigia simu akwambie mswada wako unahitaji "kusukumwa". Kata simu. Hongo ni kosa chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2009, kwa anayetoa na anayepokea, na chama kikishatoa mara moja kitatozwa kila kikao. Weka daftari la matumizi ya safari: basi, chakula, kunakili. Mwanachama yeyote aruhusiwe kulisoma.

Baada ya hapo

Hata mkishinda, kazi ya mtaani ndiyo inaanza. Kuna jambo lililotokea mwaka 2015 ambalo kila chama kilikumbuke: Benki ya Dunia ilifuta fedha za mradi wa barabara kwa sababu ya wafanyakazi kuwadhulumu wasichana kingono kando ya barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal.  Kwa hiyo mkataba wa ukurasa mmoja mliouomba uanzeni sasa, kabla haujawa sheria, na uwe na mstari juu ya mwenendo.

Sisi tuliuchapa kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Jumamosi ya kwanza fooman aligawa nakala thelathini na sita kwenye foleni ya malipo. Musa Mkongo aliusoma mara mbili, akaukunja mara nne, akauweka ndani ya kofia. Kisha akauliza kwenye mstari wa jina la pili aandike nini.